Njia ya mbao ya akina mama wa Gazi: huduma inayoubakiza msitu mahali pake

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, na wageni wengi wanaotoka hoteli za Diani kuelekea kusini hukipita kwa gari bila kujua kwamba nyuma ya minazi yake kuna ghuba yenye takriban hekta 615 za mikoko. Nimeitembelea mara mbili njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope ya mikoko, iliyojengwa na kikundi cha akina mama wa kijiji hicho, mara ya kwanza maji yakiwa yamekupwa na mara ya pili siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu. Sijapata huduma ya kitalii pwani ya kusini iliyoniridhisha zaidi ya hii, na naona ni wajibu kueleza kwa nini, kwa sababu thamani yake haionekani katika vipimo ambavyo serikali huvitumia inapoamua ni utalii upi wa kuusaidia.

Njia yenyewe ina urefu wa mita 300 hivi. Inaanzia ukingoni mwa kijiji, ikaingia katikati ya miti, ikapinda mara kadhaa na kukufikisha mahali unapoiona ghuba. Anayekwenda haraka ataimaliza kwa dakika kumi, lakini sisi tulichukua karibu saa mbili, maana mama aliyetuongoza hakuupita mti hata mmoja bila kuueleza. Alinichumia jani la mchu akasema, "Lilambe, mwanangu, usiogope," nikaionja chumvi ambayo mti umeitoa mwilini mwake. Alituonyesha gome la mkandaa, ambalo tangu zamani limetumika kutia rangi, na tunda la mkomafi lililo kubwa kama mpira, ambalo mbegu zake hushikamana kiasi kwamba ukizitenganisha ni kazi kuzirudisha zilivyokuwa. Alitueleza kwamba mizizi ya mlilana inayochomoza matopeni ilikuwa ikikatwa na wavuvi ili iwe maboya ya nyavu, na kwamba mche wa mkoko huanguka kutoka kwa mamaye ukiwa umechongoka kama mkuki ili uchome tope na kusimama papo hapo. Kenya ina aina tisa za mikoko, na katika matembezi hayo mafupi nilijifunza kuzitofautisha nyingi kuliko nilivyojifunza katika miaka yote niliyoishi karibu na bahari.

Baada ya matembezi tulipewa chakula tulichokuwa tumekiagiza mapema, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na sina la kuongeza ila kwamba nazi ilikuwa imekunwa siku hiyohiyo.

Kilichonigusa zaidi ni historia ya pale tulipokuwa tumesimama. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya Gazi ilikatwa ili iwe kuni za viwanda, na maeneo mengine yakabaki matope matupu. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wakishirikiana na wanakijiji, walianza kupanda upya, kwa hiyo baadhi ya miti mirefu ambayo mgeni huidhania kuwa ya kale ilipandwa kwa mikono ya watu walio hai. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja, mradi unaolinda hekta 117 za msitu huo na kuuza hewa ya ukaa ipatayo tani 3,000 kwa mwaka, yaani hulipwa na wanaotaka kufidia uchafuzi wao kwa hewa ambayo miti huivuta na kuihifadhi. Mapato yake yameingia katika maji ya kunywa na shule za vijiji hivyo viwili, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Njia ya mbao ni mwenzake wa karibu. Mradi wa kwanza huuza kazi ambayo mti huifanya kimyakimya ndani ya tope, na huu wa pili humwezesha mgeni kuuona mti huo na kuulipia ungali umesimama.

Nalinganisha na hoteli moja ya ufuo niliyowahi kulala, ambayo sitaitaja. Vyumba vilikuwa vizuri na wahudumu walikuwa na adabu, lakini mahali palipokuwa na mikoko palikuwa pamefyekwa ili mgeni aione bahari kutoka kitandani. Mlinzi mmoja mzee alinionyesha mahali ufuo ulipokuwa ukifika zamani. Sasa palikuwa na magunia ya mchanga na ukuta wa mawe, na kila bamvua ilichukua kipande kingine. Paa la ukumbi wa chakula lilikuwa la makuti juu ya boriti, kama yalivyo mapaa ya hoteli nyingi zinazojinadi kwa sura ya Kiswahili, na boriti, pau na fito za aina hiyo kwa kawaida hutoka katika misitu ya mikoko.

Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, humruhusu mwenye hoteli iliyopewa leseni kuondoa asilimia 50 ya gharama ya jengo katika mapato yanayotozwa kodi, mwaka ule wa kwanza wa kulitumia. Anayejenga kwa shilingi milioni 200, kwa mfano, huanza kwa kuondoa milioni 100. Sina kinyongo na nia ya sheria hiyo, kwa kuwa hoteli huajiri vijana wetu na pwani inahitaji ajira. Hata hivyo, kipimo chake ni gharama ya ujenzi, na kwa kipimo hicho hoteli iliyorudi nyuma ikauacha msitu mbele yake haipati zaidi ya ile iliyoufyeka. Ni kweli kwamba tathmini ya athari kwa mazingira inatakiwa na sheria nyingine ya mwaka 1999, na kwamba mikoko yote ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, lakini ulinzi huo hufanya kazi ya kuzuia tu, ilhali nafuu ya kodi ndiyo inayomvuta mwekezaji, na mimi naamini nguvu ya kuvuta ndiyo iliyoamua sura ya sehemu kubwa ya fuo zetu.

Akina mama wa Gazi hawana jengo la mamilioni la kuliombea nafuu. Mali yao ni mbao zilizosimama katika maji ya chumvi, ambazo huoza na lazima zibadilishwe kila mara kwa fedha za kiingilio. Laiti nafuu ya utalii ingepimwa pia kwa hekta za mikoko zinazobaki zimesimama kwa sababu ya biashara husika, kikundi hiki kingekuwa miongoni mwa wawekezaji wakubwa wa Kwale. Ningependa kuona wizara inayohusika na utalii ikianza na jambo dogo, yaani kugharimia mbao za njia kama hizi, na hoteli za Diani zikiwaleta wageni wao hapa na kulipa kiingilio kamili bila kuomba punguzo.

Kwa anayetaka kwenda, matatu za kutoka Likoni kuelekea Msambweni na Lunga Lunga humshusha mtu njia panda ya Gazi, na kutoka hapo anaweza kutembea au kuchukua bodaboda. Chakula kiagizwe mapema, mavazi yawe ya heshima kwa kuwa utapita katikati ya kijiji cha Waislamu, na mafuta ya mbu yasisahauliwe. Maji yakiwa yamekupwa utaona kaa na mizizi, nayo bamvua ikijaa maji husogea chini ya miguu yako na samaki wadogo huingia kati ya shina na shina. Ningekuwa na siku moja tu, ningechagua siku ya bamvua, saa moja kabla maji hayajajaa kabisa, niyaone yakiingia.