Juma, juma na JUMA: Uzoefu Wangu na OpenLDAP

Mtumiaji mmoja, nimwite Juma, aliingia kwenye programu yetu ya nyaraka bila tatizo, lakini hakuona folda hata moja ya idara yake. Mwenzake aliye kwenye kikundi kilekile aliziona zote. Nikamwita mezani kwangu: mimi nikaandika jina, yeye akaandika nywila, folda zote zikatokea. Akarudi kwenye simu yake, hakuna kitu. Tulirudia hivyo mara tatu. Mimi naandika "juma", yeye anaandika "Juma", maana kibodi ya simu inaweka herufi kubwa mwanzoni bila kuulizwa. Tofauti ilikuwa mbele ya macho yetu na hakuna aliyeiona.

Natumia OpenLDAP, seva ya saraka inayohifadhi akaunti na vikundi vya watumiaji na kuzijibu programu zinazouliza kwa itifaki ya LDAP, mwaka wa nne sasa, nilianza na toleo la 2.5 na sasa niko kwenye 2.6, kwa akaunti mia nne na ushei. Kuhusu kasi na uimara sina la kusema zaidi ya kwamba seva inafanya kazi na huisikii. Ninayoyaandika hapa ni kuhusu sintaksia za atributi (yaani aina ya thamani ambayo kila kipande cha taarifa, kama jina au simu, kinaruhusiwa kubeba) na suala la herufi kubwa na ndogo, kwa sababu karibu usumbufu wote nilioupata ulitoka huko, na sehemu kubwa ya usumbufu huo niliuleta mwenyewe kwa kutosoma skima, yaani orodha ya kanuni za atributi zote.

Kwa habari ya Juma, kwanza nilishuku ruhusa. Nilipitia kanuni za ufikiaji mstari kwa mstari, mara mbili, nikazima na kuwasha seva kama mtu anayepiga televisheni kofi. Nilitafuta mwenyewe kwa ldapsearch, amri ya kuiuliza saraka, nikamkuta juma ndani ya kikundi, ametulia. Saa tatu baadaye ndipo nilipofanya nilichopaswa kuanza nacho: nikaweka olcLogLevel, mpangilio wa kiasi cha logi, kuwa stats nikasoma logi wakati Juma anaingia kwa simu. Mistari miwili ilitosha:

SRCH base="ou=vikundi,dc=mfano,dc=org" scope=2 deref=0 filter="(&(objectClass=posixGroup)(memberUid=Juma))"
SEARCH RESULT tag=101 err=0 nentries=0

Err=0, yaani hakuna kosa. Nentries=0, yaani hakuna kilichopatikana. Programu ilikuwa inachukua jina kama lilivyoandikwa na mtumiaji, inamtafuta kwa uid (jina la kuingilia), inampata, inathibitisha nywila, kisha inatafuta vikundi vyake kwa kutumia jina lilelile lenye J kubwa. Hatua ya kwanza inafaulu, ya pili inarudi mikono mitupu.

Kwa nini moja ifaulu na nyingine ishindwe, ilhali ni seva ileile na jina lilelile? Hapa ndipo nilipojifunza kwamba swali la "je, LDAP inajali herufi kubwa?" halina jibu moja. Majina ya atributi hayajali kabisa: andika givenName, givenname au GIVENNAME, ni kitu kimoja. Thamani ndizo zenye mambo, na kila atributi imebeba kanuni yake ya kulinganisha ndani ya skima. Uid inatumia caseIgnoreMatch, kwa hiyo Juma, juma na JUMA ni mtu mmoja. MemberUid, atributi inayotaja wanachama wa kikundi, iliyoletwa na waraka wa RFC 2307 mwaka 1998 ili saraka iweze kushika taarifa za mifumo ya Unix, inatumia caseExactIA5Match. Kule Unix juma na Juma ni watu wawili, na memberUid imefuata mkondo huo. Uid ilitoka kwenye ukoo mwingine, ule wa X.500, viwango vya saraka vilivyoitangulia LDAP. Zimekutana ndani ya saraka moja na hakuna aliyewapatanisha.

Ukitaka kuona kanuni ya atributi yoyote, huhitaji kupekua mafaili. Seva yenyewe inajieleza:

ldapsearch -x -LLL -o ldif-wrap=no -s base -b cn=Subschema attributeTypes | grep -i memberuid

Usisahau hicho kipande cha ldif-wrap=no. Bila hicho mistari mirefu inakatwa, na grep inakuletea nusu ya maelezo, mara nyingi ile nusu isiyo na neno EQUALITY (kanuni ya kulinganisha) unalolitafuta. Ndivyo ilivyonitokea, nikaamini kwa siku nzima kwamba atributi fulani haina kanuni kabisa.

Nilishawishika kubadili memberUid ndani ya skima iwe caseIgnore, tumalize. Nilifanya hivyo kwenye seva ya majaribio na ikakubali, kisha nikairudisha ilivyokuwa. Skima sanifu ni makubaliano kati yako na kila programu inayoongea na saraka. Ukiibadilisha kimyakimya umewadanganya wote. Dawa halisi ilikuwa kwenye mipangilio ya programu ya nyaraka, ambako kulikuwa na sehemu ya kuchagua kama jina la kutafutia vikundi litoke kwa mtumiaji au litoke kwenye ingizo lililopatikana. Nikachagua la pili. Baadaye tuliachana na posixGroup, aina ya kikundi inayotumia memberUid, kwa programu hiyo tukahamia groupOfNames, ambayo wanachama wake ni DN nzima, yaani anwani kamili ya ingizo ndani ya saraka. DN hulinganishwa kwa kanuni ya kila atributi iliyomo ndani yake, kwa hiyo uid=Juma na uid=juma chini ya tawi lilelile ni DN moja. Angalau machoni pa seva. Programu inayolinganisha DN kama maneno tu bado itakosea, na nimeiona moja iliyomfungulia mtu mmoja akaunti mbili kwenye hifadhidata yake.

Kimya cha seva kwenye utafutaji ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi kukizoea. Ukiongeza ingizo lenye atributi isiyojulikana, inakukatalia kwa namba 17 na kukutajia jina la atributi hiyo. Lakini ukikosea jina hilohilo ndani ya kichujio, mathalani (memberUd=juma), inakujibu kwa adabu kwamba kazi imekamilika na matokeo ni sifuri. Kichujio cha LDAP kina majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Atributi isiyojulikana inatoa "haijulikani", na kinachorudishwa ni "kweli" peke yake. Kibaya zaidi, ukiweka alama ya kukanusha mbele, (!(memberUd=juma)), bado hupati kitu, kwa sababu kinyume cha kisichojulikana nacho hakijulikani. Niliwahi kuandika hati ya kusafisha akaunti iliyotegemea ukanushaji wa namna hiyo, ikawa inaripoti kila usiku kwamba hakuna cha kusafishwa, nami nikawa nafurahi. Kwenye logi ya slapd (ndiyo programu ya seva yenyewe), atributi isiyojulikana huonekana na alama ya kuuliza ndani ya kichujio. Ukiiona alama hiyo, acha kila kitu ukague tahajia.

Upande wa sintaksia hakuna kimya, kuna kelele, ila lazima ujue kuisoma. Tulipoingiza orodha ya watumishi iliyotoka kwenye lahajedwali, tulipokelewa na hii:

ldap_add: Invalid syntax (21)
additional info: mail: value #0 invalid per syntax

Value #0 si thamani tupu kama nilivyodhani mwanzoni. Seva inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo hiyo ni thamani ya kwanza. Anwani yenyewe ilionekana safi. Nikaifuta na kuiandika upya, ikakubali. Nikarudisha ile ya mwanzo, ikakataa. Nilipopitisha faili kwenye cat -A, amri inayoonyesha herufi zilizojificha, ndipo nikaona M-BM- katikati ya mstari: nafasi isiyokatika, ile inayoonekana kama nafasi ya kawaida lakini siyo. Mail ni ya sintaksia ya IA5, yenye herufi 128 tu za ASCII, na nafasi hiyo haimo. Cn ingeipokea bila neno, kwa kuwa yenyewe ni Directory String inayokubali herufi za Unicode. Tangu siku hiyo nikiona nukta pacha mbili baada ya jina la atributi kwenye matokeo ya ldapsearch, mail:: badala ya mail:, najua thamani imewekwa kwa base64 (usimbaji unaogeuza data kuwa herufi za kawaida), na kwa atributi ya maandishi mafupi hiyo ni dalili kwamba kuna herufi ya ajabu ndani yake au nafasi iliyojificha mwanzoni au mwishoni.

Orodha ileile ilikuwa na mengine. Mtu asiye na simu alikuwa na mstari wa telephoneNumber uliobaki mtupu, ukakataliwa. Kama huna thamani, ondoa mstari wote. Atributi yetu ya ndiyo au hapana ilikuwa na "true", seva ikataka TRUE kwa herufi kubwa. Namba za utumishi kama 0047 zilikwama kwa sababu niliitengeneza atributi hiyo kuwa ya Integer, na Integer haitaki sifuri za mbele. Hilo la mwisho ni langu kabisa. Namba ya utumishi haijumlishwi wala kutolewa, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na nilipaswa kuipa sintaksia ya maandishi tangu mwanzo. Kuirekebisha kulitaka kusimamisha seva, kutoa data yote kwa slapcat, kubadili skima na kuirudisha kwa slapadd, kazi ya Jumamosi nzima.

Kidokezo kwa anayeingiza faili kubwa: ldapadd husimama kwenye kosa la kwanza, na yaliyokwisha kuingia hayatoki. Ukirudia unapata namba 68, kwamba ingizo lipo tayari. Tumia -c iendelee, na -S pamoja na jina la faili ikuwekee kando yaliyokataliwa. Unarekebisha hayo tu.

Na kama unataka kujua ni akaunti zipi zilihifadhiwa kwa herufi kubwa, unaweza kuilazimisha seva itumie kanuni nyingine kwa swali moja tu, bila kugusa skima: (uid:caseExactMatch:=Juma). Kwetu ilirudisha sifuri kwa Juma, yaani alihifadhiwa kwa herufi ndogo kama ilivyotakiwa. Nilipoendesha hati iliyouliza hivyo kwa majina yote, zikatokea akaunti kumi na moja zenye herufi kubwa, zote zimefunguliwa na mtu mmoja ndani ya wiki moja. Mtu huyo alikuwa mimi, nikifungua akaunti kwa simu.

Ningeichagua tena OpenLDAP? Ndiyo, kwa mtu aliye tayari kusoma skima kabla ya kuingiza data. Anayetaka kubofya na kusahau atateseka. Nimebandika ukutani karatasi yenye atributi ishirini tunazotumia, kila moja na sintaksia yake na kanuni yake ya EQUALITY. Juma alipita juzi akaiona, akauliza ile alama nyekundu kwenye memberUid ni ya nini.