Mkanda wa kunolea wembe katika chumba kidogo cha Mji wa Kale

Ndevu nanyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa chuma ambao vinyozi wa zamani walikuwa nao kabla ya mashine na nyembe za kutupa. Wembe huu haufai kitu bila mkanda. Kila asubuhi makali hupitishwa juu ya turubai, kisha juu ya ngozi, ili ncha nyembamba ya chuma iliyopindwa na ndevu za jana inyooke tena. Kinoo naliona jambo la mara chache kwa mwaka, lakini mkanda ni wa kila siku.

Wangu ni wa kuning'iniza: ngozi ya ng'ombe, turubai nyuma yake, urefu sentimita 60, upana sentimita 7.5, pete juu na mshikio chini. Nimekaa nao miezi minane. Ngozi yenyewe sina neno nayo. Kilichonihangaisha ni mahali pa kuutundika.

Tunaishi ghorofani Mji wa Kale, chumba cha futi 10 kwa 11, na ndani mna kitanda, kabati, cherehani ya mke wangu na kitanda cha mtoto. Mkanda uliotulia hauombi nafasi, unakaa nyuma ya mlango kama mshipi wa suruali. Ukiwa kazini ndipo unapodai haki yake: mkono wa kushoto uuvute ukazane, wa kulia uende na kurudi, na kiwiko kisigonge kitu.

Nilianza na msumari. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, msumari ukaingia bila shida na ukatoka siku ya pili pamoja na kipande cha lipu kikubwa kama sahani. Mama mwenye nyumba alipanda kuja kuona. "Mwanangu, ukuta huu ni mkubwa kwangu mimi kwa umri. Usiutoboe tena." Nikamwomba radhi na kuuziba kwa mkono wangu.

Nikahamia kwenye kitasa cha mlango. Hilo nawaomba msilifanye, hasa wenye watoto. Mwanangu alisukuma mlango nikiwa katikati ya kazi, mkanda ukalegea ghafla na wembe ukachimba ngozi ya mkanda. Namshukuru Mungu haukumfikia yeye wala mimi. Kovu lile nililisugua kwa msasa laini hadi kingo zikalala, na bado nalisikia wembe unapopita juu yake. Baadaye nikajaribu mguu wa kitanda. Uko chini mno, nalazimika kuinama, na mtu akiinama mkono hukandamiza. Ukikandamiza, ngozi inabonyea na kupanda juu ya ncha, makali yanakuwa duara. Wiki ile nilinyoa kwa maumivu nikidhani wembe umekwisha.

Jibu lilikuwa dirishani. Kuta za nyumba hizi ni nene, karibu nusu mita, na nondo za dirisha letu ziko upande wa nje. Nikifunga pete pale nondo ya wima inapopishana na ya mlalo, usawa wa kifua, haitelezi kushuka. Na sehemu kubwa ya mkanda inalala ndani ya unene wa ukuta, kwa hiyo chumbani inatokeza sehemu ndogo tu. Nasimama ubavu kwa dirisha, kabati liko mgongoni na halinigusi. Tena mwanga wa asubuhi unaingia moja kwa moja, naona kama wembe umelala sawasawa, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi. Mgongo ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Mwisho wa safari wembe unageuzwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Turubai mara 20, ngozi mara 50, bila haraka. Kabla ya kuanza naisugua ngozi kwa kiganja mpaka ipate joto kidogo.

Sikuuacha pale dirishani. Upepo wetu una chumvi na jua linakausha ngozi, kwa hiyo kazi ikiisha nautungua na kuurudisha nyuma ya mlango. Hapo ndipo nililaumu kilichokuja na mkanda: kulabu yake iling'aa dukani, lakini mwezi wa tatu ilikuwa imeshika kutu na haizunguki tena. Nilinunua ya shaba, ya aina wanayofungia mambo ya mashua, na mpaka leo iko vilevile. Mtengenezaji anayeuza mkanda ghali vile angeweka shaba tangu mwanzo.

Masika ndiyo yaliyonipa kazi. Mwezi wa Mei niliona ukungu mweupe umeota upande wa turubai. Nikaupangusa kwa kitambaa kikavu, nikauanika kivulini penye upepo siku mbili, ukaondoka. Shemeji yangu alishauri niupake mafuta ya nazi. Nilikataa kwa heshima: ngozi ya mkanda inatakiwa iushike wembe kidogo unapopita, na ikilowa mafuta inateleza tu. Mafuta naweka kwenye wembe, tone moja la mafuta ya cherehani baada ya kuukausha, maana chuma hiki hapa kwetu kikilala na maji usiku mmoja kinaamka na madoa.

Kama madirisha yako ni ya vioo vya kusukuma na hayana nondo, nunua ubao wenye ngozi juu yake, uuweke mezani. Ni mfupi, lakini haulegei, na anayeanza kujifunza hawezi kuukata kirahisi. Mwenye nondo, hata kama chumba ni kidogo kuliko changu, achukue wa kuning'iniza, na wa upana huu huu. Mwembamba unahitaji wembe uvutwe kwa mshazari ili makali yote yapate ngozi, na mshazari unataka kiwiko kiende mbali, jambo ambalo kabati langu lisingeruhusu.