Pedi na diski za breki kwa Golf GTI kuukuu: zipi za kununua Nairobi, zipi za kuacha dukani

Siku niliyoanza kufikiria breki kwa dhati, tulikuwa tunateremka kwenda Mai Mahiu. Watu wanne garini, mizigo nyuma, lori linatambaa mbele yetu, na mguu wangu haukuwa umetoka kwenye breki tangu kule juu kwa wauza ngozi za kondoo. Tulipokaribia lile kanisa dogo la Waitaliano la mwaka 1942, pedali ilikuwa imelegea kama mkate uliotowekwa kwenye chai. Breki zilishika, lakini chini kabisa, karibu na zulia. Harufu ikajaa ndani. Shangazi kwenye kiti cha nyuma akauliza ni nani anayechoma mpira.

Pedi zile, yaani vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame, zilikuwa na wiki tatu tu. Nilizinunua kwa sababu zilikuwa rahisi na sanduku lilipendeza.

Mwongozo huu ni wa mwenye Volkswagen Golf GTI ya Mk5 au Mk6, yaani toleo la tano au la sita, ingawa mwenye Swift Sport au gari jingine dogo lenye mbio atapata cha kuchukua. Mk5 ilitoka kiwandani ikiwa na injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu za farasi 200, na kwa kuwa Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane, kila Mk5 unayoiona Nairobi leo imekula matuta yetu kwa miaka mingi. Breki zake zimeguswa na mafundi wengi. Usiamini kwamba kilichofungwa sasa ndicho kinachostahili kuwepo.

Kwa hiyo anza na vipimo. GTI hutumia diski za mbele za milimita 312, unene 25, zenye nafasi ya hewa katikati. Za nyuma kwa kawaida ni milimita 286, unene 12, chuma kitupu. Golf ya kawaida ina diski ndogo zaidi mbele, za 280 au 288, na hapo ndipo watu wengi hupotelea: ukifika Kirinyaga Road ukasema "nataka diski za Golf", utapewa za Golf, na pesa yako itakuwa imeshaingia droo. Fungua buti, inua zulia, tafuta stika karibu na gurudumu la akiba. Kuna msururu wa misimbo mifupi ya namba na herufi. Unaoanza na 1Z au 1L ni wa breki za mbele, unaoanza na 1K ni wa nyuma. Ipige picha, pamoja na namba ya chasi, uende nazo dukani.

Kuna jambo moja linaloamua orodha yangu yote. Nairobi inataka breki za tabia mbili. Siku tano kwa wiki unatambaa Waiyaki Way au Mombasa Road, breki baridi, unagusa na kuachia. Siku ya sita unateremka bonde la ufa na diski zinachemka. Pedi ya mashindano itakuangusha kwenye foleni, kwa sababu haishiki mpaka ipate moto. Pedi ya bei ya chini itakuangusha Mai Mahiu. Unatafuta iliyo kati.

Namba moja kwangu, na sioni mpinzani wa karibu: pedi za ATE, TRW au Textar, pamoja na diski za kawaida, zisizo na urembo, za ATE, Brembo au Zimmermann. Hizi ni kampuni zinazotengeneza breki kwa viwanda vya magari vyenyewe. Zinashika asubuhi zikiwa baridi, na zinavumilia mteremko ukiutumia kwa akili. Pedi yenyewe huwa na alama ya herufi E ndani ya duara, na kando yake namba inayoanza na 90R. Maana yake imepimwa kwa kanuni ya R90 ya Ulaya, inayotaka mshiko wa pedi usipishane na wa pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Ubaya wake ni vumbi. Rimu za mbele zitakuwa nyeusi kila Ijumaa, na mwosha magari wako atakulaumu.

Nafasi ya pili ni sanduku la Volkswagen lenyewe. Ndani yake mara nyingi mna kazi ya kampuni hizo hizo, ila unalipia nembo. Kama huna duka unaloliamini na hutaki kubahatisha, lipa ulale.

Ya tatu ni EBC Redstuff, kwa anayependa kukimbia lakini bado anaendesha gari hilo hilo kupeleka watoto shule. Yellowstuff ni kali zaidi, nami ningeiweka kwa mtu anayekwenda kwenye mashindano ya mwishoni mwa wiki. Ferodo DS2500 ni pedi nzuri sana, ila kwenye foleni ya Thika Road italia kama mlango wa kanisa kuukuu, na hutapata faida yake hata mara moja.

Baada ya hapo naweka pedi za seramiki, kama ATE Ceramic. Rimu zinabaki safi, kelele hakuna. Ukiwa mtu wa Kilimani hadi Westlands na kurudi, zitakufaa kuliko namba moja yangu. Mimi nateremka mara nyingi, ndiyo maana zimekaa hapa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu breki za R32, Golf yenye nguvu kuliko GTI: diski za milimita 345, kalipa za buluu (kalipa ndiyo inayobana pedi kwenye diski), za mtumba kutoka Japani. Zinaingia kwenye GTI, ndiyo, na zinavutia macho. Lakini unahitaji kalipa, mabano yake, na rimu za inchi 17 au zaidi zenye nafasi ya kutosha kwa ndani. Kwa pesa hiyo ningebadilisha pedi, diski, mipira ya breki na tairi zote nne, nikabaki na nauli ya Naivasha. Tairi ndizo zinazosimamisha gari.

Sasa za kuacha dukani. Diski zilizotobolewa matundu, zisizo na jina, zenye rangi ya dhahabu: acha. Matundu hayo huwa mwanzo wa nyufa kwenye chuma duni, na faida yake kwa gari la barabarani ni ndogo mno. Diski za mtumba: pima unene kwanza. Kwenye diski yenyewe pameandikwa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na ya mbele ya GTI haitakiwi kushuka chini ya milimita 22. Mpya ni 25, kwa hiyo una milimita tatu tu za kula, moja na nusu kila upande. Ndiyo maana nasita pia fundi akiniambia "mkubwa, tuskimu tu", yaani diski ichongwe uso wake uwe laini. Diski iliyofika 23 ikiskimiwa inatoka ikiwa imeshakwisha. Na ule mtetemo kwenye usukani ambao kila mtu anauita diski kupinda, mara nyingi ni tabaka la pedi lililoganda vibaya, au kutu kwenye habu, pale diski inapokalia, ambayo haikusuguliwa kabla diski haijafungwa.

Kuhusu feki. Nimewahi kuuziwa. Duka silitaji. Sanduku lilikuwa na jina kubwa la Ujerumani, na jamaa akaniapia, "Bosi, hii ni orijino, cheki mwenyewe." Nikacheki, nikaona nilichotaka kuona. Nyumbani ndipo niliposoma mgongo wa pedi: hakuna alama ya E, hakuna namba ya R90, rangi inabanduka kwa ukucha, na kwenye sanduku neno la Kijerumani lilikuwa limekosewa herufi. Siku hizi sitoi pesa kabla ya kufungua. Natoa pedi zote nne, nalinganisha namba ya mgongoni na ya sandukuni, napitisha kidole ukingoni kuona kama nyenzo imeshikamana na bamba bila ufa. Pedi moja ya mbele ya GTI inakuwa na waya wa kihisio cha kuchakaa. Seti isiyo nao itakuachia taa ya onyo kwenye dashibodi. Kampuni nyingi kubwa huweka msimbo wa kuskani kwenye sanduku, basi skani hapo hapo mbele ya muuzaji. Akianza kuharakisha, rudisha sanduku kaunta.

Bei hupanda na kushuka na dola, na hutajwa kwa sura yako. Mara ya mwisho, muuzaji alianza na elfu tisa kwa pedi za mbele, tukamalizana elfu saba, baada ya mimi kutoka nje mara mbili. Ukibanwa na bajeti, punguza kwenye jina la diski. Pedi usizipunguze.

Kinachosahaulika ni mafuta ya breki. Kilichonishtua Mai Mahiu hakikuwa pedi peke yake. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na hakuna aliyejua yaliwekwa lini. Mafuta ya breki hunyonya maji. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inakwenda chini. Badilisha kila baada ya miaka miwili. DOT 5.1 inaruhusiwa kuchanganyika nayo. DOT 5 ni ya silikoni, haiingii humo kabisa. Na ukiwa na DSG, ile gia ya kujibadilisha ya Volkswagen, mteremkoni ivute gia ya tatu au ya pili kwa mkono uache injini ishike.

Kufunga kwenyewe, simama hapo hapo. Pistoni ya kalipa ya nyuma ya GTI haisukumwi tu. Inasukumwa huku ikizungushwa kufuata saa, kwa kifaa chake. Nimemwona fundi akiibana kwa klempu mpaka ikalia, na kalipa ikaishia kwenye vyuma chakavu. Muulize kabla hajafungua gurudumu: "Una kile chombo cha kuzungusha?" Akikuangalia kama hajakuelewa, mshukuru, uende kwa mwingine. Diski mpya zenye mafuta zioshwe kwanza kwa dawa ya breki, na boliti za magurudumu zikazwe kwa nguvu ya 120 Nm kwa spana yenye kipimo, si kwa kurukia spana.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, la sivyo breki ya kwanza itakuwa ukuta wa gereji. Kisha tafuta barabara tupu ya kuzizoesha pedi na diski mpya. Mimi huenda Southern Bypass Jumapili alfajiri. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole upepo uzipoze. Ukisimama na kukandamiza pedali diski zikiwa moto, pedi itaacha chapa yake, na mtetemo utaanza upya wiki hiyo hiyo.