Kichujio cha maji cha udongo: maji poa, koki ni shida, na shemeji bado anataka chupa

Kama uko Kampala na umechoka kubeba maji ya chupa kutoka dukani kila jioni, hii ni yako. Naongelea vile vichujio vya udongo, chungu kinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki chini, vinatengenezwa hapa hapa Uganda. Jina la kampuni nabaki nalo manake kuna lawama huku chini na si vizuri kumchafulia mtu biashara kwa sababu ya koki moja.

Tuanze na hela. Chupa ya nusu lita dukani ni shilingi 1,000 za Uganda. Nyumba ya watu wanne, kila mtu chupa moja tu kwa siku, mwezi ukiisha mmekunywa 120,000, na nani anakunywa chupa moja tu jua la Januari? Kichujio unanunua mara moja na hela yake inarudi haraka sana. Kuchemsha nako sawa, ila anayenunua makaa anajua gunia limefika wapi saa hii, halafu usubiri yapoe, halafu yananuka moshi.

Jinsi kinavyofanya kazi ni rahisi mpaka unashangaa. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga, vinafinyangwa, vinachomwa kwenye tanuru. Zile pumba zinaungua zinaisha na zinaacha vitundu vidogo sana ambavyo maji yanapita ila bakteria wanakwama, na juu yake chungu kinapakwa madini ya fedha ya kuua wadudu wanaobaki. Aliyebuni ni mkemia wa Guatemala, Fernando Mazariegos, mwaka 1981. Hakuna umeme, hakuna dawa, stima ikatike isikatike wewe unakunywa.

Sasa ubaya wake: kinachelewa bwana. Lita moja mpaka tatu kwa saa, na hizo tatu ni kikiwa kimejaa, maji yakishuka kasi nayo inashuka kwa sababu uzito wa kusukuma umepungua. Ukirudi kutoka kazini na kiu ukakuta watoto wamemaliza ndoo, utakaa hapo unasikiliza matone. Dawa ni kujaza usiku kabla ya kulala na asubuhi tena kabla hamjatoka, kwetu hiyo kazi ni ya kijana mkubwa na akisahau nyumba nzima inamjua. Siku za kwanza maji yana ladha ya udongo, baadaye inaisha, ila mama mkwe alipoyaonja alifurahi kweli, akasema haya ndiyo maji, kama ya mtungi wa kwao. Kwa hiyo nikamnunulia na mtungi kabisa, tunachuja kisha tunamimina humo, yanakuwa baridi bila friji.

Koki ndiyo lawama yangu. Ile ya plastiki iliyokuja nayo ilianza kudondosha haraka, tukaweka bakuli chini, tukakaza, ikapasuka uzi wake. Fundi bomba wa mtaani akaweka ya chuma na mpira mpya na mpaka leo kavu. Kitu cha kutegemewa na familia nzima hivi kwa nini kije na koki ya kitoto hivyo, sielewi.

Kusafisha: kikianza kuchelewa kuliko kawaida unasugua ndani kwa brashi laini na maji safi, basi. Sabuni kwenye chungu hapana, inaingia kwenye vile vitundu. Ndoo yenyewe ndiyo unaosha kwa sabuni. Na wakati wa mvua maji yakija ya kahawia yaache yatulie kwanza au yapitishe kwenye kitambaa, la sivyo utakuwa unasugua kila siku. Kitu kingine, kwa virusi si cha kutegemea sana, na maji ya kisima yenye chumvi yatatoka na chumvi yake. Kukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa ndani sisi bado tunachemsha.

Wanaonunua chupa siwacheki. 2015 taifodi ilipiga Kampala vibaya, na waliochunguza walikuta maji machafu na juisi za kuuzwa mitaani. Maji ya NWSC, shirika la maji la taifa, yanatoka mtamboni yametiwa dawa vizuri, shida ni safari mpaka kwako, bomba lililopasuka kando ya mtaro, tenki la mwenye nyumba ambalo hakuna anayekumbuka lilioshwa lini, jerikeni ya jana. Mtu akiona kifuniko kimefungwa anatulia moyo. Ila hizo chupa zinaenda wapi? Mvua ikinyesha soko la Owino zinaingia mtaro wa Nakivubo, Nakivubo unamwaga kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na mtambo wa Ggaba unavuta maji ghuba hiyo hiyo. Tunakimbia maji machafu na chupa tunazokimbilia ndizo zinarudi kuyachafua.

Kigumu kuliko koki ni wageni. Shemeji alikuja kutoka Busia, nikamletea glasi, akaiangalia kwenye mwanga.
"Shemeji, haya yamechemshwa?"
"Yamechujwa, kile kichujio pale."
"Aa sawa sawa," akaishika tu, akaniulizia watoto, baadaye kidogo nikasikia anamtuma kijana dukani akamletee ya kufungwa.
Sikukasirika. Huku kwetu kumpa mgeni chupa ambayo haijafunguliwa ni heshima, glasi ya maji inaonekana kama umembania. Nenda kwanjula yoyote, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha mchumba, au semina yoyote ya hotelini uone, kila kiti na chupa yake, watu wanapiga mafundo mawili wanaacha, anayefagia anamwaga. Hapo kichujio changu hakina msaada, natembea na flaski yangu ya chuma na kwenye takisi wananiuliza kama nimebeba chai.

Nakipa nne kwa tano, ile moja imeondoka na koki. Ukienda kununua usikubali cha kwenye boksi lililofungwa, mwambie muuzaji akitoe, ukigonge kwa kidole: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Na ukitoka hapo pitia kwa wauza vifaa vya bomba uchukue koki ya chuma kabisa.