Snoubodi ya kuchezea paki na mtaani: usiulize ni laini kiasi gani, uliza ni laini wapi

Salaam aleikum jamaa zangu, karibuni tena, tuko hapa Malindi, uani nyumbani, jua limewaka vizuri na mezani nimelaza snoubodi mbili, zile mbao za kutelezea kwenye theluji umefungwa miguu, na leo ni hizo tu sina jambo jingine. Manake jumbe zenu nimezisoma, na wengi ni vijana wetu wa hapa hapa, Muyeye, Maweni, Barani, ambao wako Italia kwa ndugu zao ama wamepata kazi za msimu kwenye mahoteli ya milimani, kazi ikiisha mlima uko pale mlangoni, na swali ni moja: kaka, nichukue ubao gani wa kuchezea, wa reli na maboksi pakini, ule uwanja wa theluji uliowekewa vyuma na masanduku ya kutelezea juu yake, na nikiona ngazi mtaani ina theluji nifanye mambo yangu?

Swali zuri na nalipenda sana. Sasa ukiingia dukani ukasema nataka ubao wa paki, muuzaji atakuletea ule laini kuliko wote, ataupinda mbele yako, wewe uone unavyopinda ufurahi ulipe utoke. Usifanye hivyo tafadhali. Ulaini wenyewe ni mzuri, ubao wa kuchezea lazima upinde, lakini swali la maana ni unapinda WAPI.

Nisikilizeni hapa. Snoubodi ina ncha mbili na ina katikati, pale kati ya miguu. Ncha zikiwa laini, ukiegemea mbele ama nyuma unapanda juu ya ncha, unazunguka, unateleza na ncha moja kwenye boksi, mambo yote yale matamu yako kwenye ncha. Lakini chini ya miguu na katikati unataka ubao wenye msimamo kidogo, kwa sababu pale ndipo unapotoa nguvu ya kuruka na ndipo unapotua. Ubao ukiwa laini kote, wiki ya kwanza wauona rahisi kweli, halafu ukianza kuruka vitu vikubwa unatua ncha ya nyuma inakunjika chini yako unakaa chini kwa makalio. Kwa hiyo dukani fanya hivi: simamisha ubao, mkia chini juu ya zulia, shika ncha ya juu kwa mkono mmoja, mkono wa pili sukuma katikati, uangalie unapoanza kukunjika. Ukianza kwenye ncha halafu katikati ukakataa kidogo, huo ndio. Ukikunjika wote sawasawa, mwachie mwenye kuanza.

Na zile namba. Makampuni huandika ugumu kuanzia 1 hadi 10, ubao wa paki mara nyingi utaona 3 hadi 5. Sawa, ni mwongozo, lakini kila kampuni ina kipimo chake, 4 ya huyu sio 4 ya yule, usilinganishe namba za makampuni mawili ukafikiri umemaliza kazi.

Haya tuje kwa umbo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopotea. Huu wa kwanza hapa mezani ni Lib Tech Skate Banana, hawa jamaa walianza kuuza umbo hili kwenye mwaka 2006 hivi na likabadilisha mambo mengi. Tazameni nikiulaza, umeona? Katikati umegusa chini halafu ncha zimekwenda juu, kama tumbo la dau. Hiyo ndiyo roka. Faida yake ni kwamba kingo za ncha, ule ukanda wa chuma wa pembeni, hazishiki theluji ovyo, ukiwa juu ya reli unageuka kirahisi, ukizunguka ukatua umekaa upande kidogo ubao unakusamehe. Na kingo zake sio nyoofu, zina mawimbi mawimbi, wanaita Magne-Traction, yanasaidia kushika pale theluji imekuwa barafu, maana roka tupu kwenye barafu huteleza. Mtaani kwa mwendo wa pole, ubao huu ni raha tupu. Lakini kwenye jampu kubwa, kile kilima cha theluji cha kurukia, mwendo kasi, umbo la roka halina ule mguso mrefu wa chini, utahisi ubao unachezacheza chini ya miguu wakati wewe wataka utulie. Hiyo ni tabia ya umbo, sio ubovu.

Huu wa pili ni Bataleon Evil Twin. Nikiulaza mwaona kinyume, katikati umeinuka, unagusa chini karibu na ncha, hiyo ndiyo kemba. Ukisimama juu yake uzito wako unaulaza chini, na ukiruka ile nguvu inarudi yote, kwa hiyo unaruka juu bila kujikaza sana. Shida ya kemba siku zote ni kwamba ule mguso wa karibu na ncha unashika haraka, unatua vibaya kidogo tu kingo inauma theluji na wewe unarushwa. Sasa hawa wamefanya jambo ambalo mimi nalipenda mno, leteni kamera karibu, chini ya ubao pale kuelekea ncha sio bapa, pembeni pameinuliwa. Yaani kingo za huku mbele na huku nyuma ziko hewani mpaka wewe mwenyewe ulale upande. Unapata nguvu ya kemba na ule msamaha wa roka kiasi chake. Ukiniambia nichukue mmoja tu nauchukua huu, sifikirii mara mbili, kwa sababu ubao wa kuchezea lazima ukurudishie nguvu, mchezo bila kuruka unachosha mapema. Ila kama wewe ni wa reli za mtaani tu na jampu hazikuhusu, basi Banana.

Zote mbili ni pacha, ncha ya mbele na ya nyuma ziko sawa, na kwa paki usikubali umbo jingine. Utaruka ukiangalia mbele utatua ukiangalia nyuma, ubao usijue tofauti. Bindingi, vile vishikio vya kufungia buti, zifungwe katikati kabisa, miguu itazame nje pande zote, digrii 15 na 15 ama 12 na 12. Na usinunue bindingi ngumu ukaziweka juu ya ubao laini, zitakula ule mpindo wote uliolipia.

Sasa mtaani, hapa ndipo pesa huungua. Mtaani hakuna mteremko mrefu, watu huvutwa na winchi ama mpira mrefu ili wapate mwendo, halafu reli ni ya chuma ya ngazi, ukuta ni zege, na kutua ni pale pale palipotandazwa theluji nyembamba. Ubao unaumia. Kwa hiyo angalia chini, ile plastiki inayogusa theluji, ziko aina mbili. Ekstrudi ni ya bei ya chini, haina mbio sana, lakini ikichubuka unayeyushia plastiki pale unakwangua umemaliza. Sinta ina mbio, inanywa waksi vizuri, ile nta ya kuteleza, lakini usipoipaka waksi mara kwa mara inakauka na kuitengeneza ni kazi. Kwa mtaani mimi nasema ekstrudi, na usione haya kwamba ni ya bei rahisi. Kisha tazama unene wa kingo za chuma, kingo nyembamba ikigonga zege inapasuka, na kingo ikishapasuka huungi kitu cha kutegemea. Na kabla hujapanda reli yoyote chukua tupa, lainisha kingo pale karibu na ncha, zisiwe kali, reli itakupenda. Kofia ngumu vaa. Na ngazi ya watu omba ruhusa kwanza, sisi tuko ugenini huko.

Saizi haraka haraka. Acheni habari ya ubao kufika kidevuni. Uzito wako ndio jambo kubwa, kila ubao una jedwali la kilo, lisome, halafu kwa paki watu hupunguza sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye ule wa kuteremkia mlima mzima, unageuka haraka. Na mguu! Buti za snoubodi zinapimwa kwa sentimita za mguu wenyewe, kwa hiyo simama ukutani na rula, pima kisigino hadi kidole kirefu, uende dukani na hiyo namba. Mwenye kuvaa 45 na kuendelea atafute ubao mpana, la sivyo vidole vitaburuta theluji kila ukikata kona.

Wapi kununua, walioko Lombardia wanajua, Livigno, ule mji wa milimani, haina VAT, mji mzima, na pia ndiko snoubodi ya Olimpiki ya Februari 2026 ilikofanyika, paki ya Mottolino iko pale pale. Subiri msimu uishe, mwezi wa tatu wa nne, mbao za mwaka ule zinashuka bei na ukweli ni kwamba mwaka unaofuata mara nyingi kilichobadilika ni mchoro tu.

Na wale wanaoandika chini hapa eti sisi watu wa pwani na theluji wapi na wapi, Sabrina Simader amezaliwa hapa hapa Kilifi, akakulia Austria, na 2018 kule PyeongChang akashuka mlima na bendera ya Kenya kwenye Olimpiki. Ni ski sio snoubodi, lakini theluji ni ile ile. Mdogo wangu ukitaka kujifunza jifunze, usimsikilize mtu.

La mwisho, mnaorudi nyumbani na mbao zenu. Hewa yetu ina chumvi, na kingo ni chuma, ukiuegemeza ubao barazani kipindi cha kusi utaukuta umevaa kutu. Ufute uwe mkavu kabisa, paka waksi nene chini mpaka ifunike na kingo zenyewe, usiikwangue, weka ndani mbali na dirisha, funga kwa shuka kavu sio nailoni. Na mumeniuliza sana kuhusu vilima vya mchanga vya Mambrui, kama mtu anaweza kwenda kuteleza kule. Usiende na ubao mzuri. Mchanga unakwangua chini yote siku moja tu, chukua ubao mbovu ambao umeshastaafu, ama kipande cha mbao laini upake nta, raha ni ile ile na haumizi roho. Nyinyi andikeni hapo chini kilo zenu na urefu wa mguu kwa sentimita, mmoja mmoja nitawajibu ni saizi gani.