TAHADHARI: Boti za faiba zenye "ngama kavu" huku maji yamefichwa chini ya sakafu

Ndugu zangu mnaotafuta boti ya faiba iliyokwisha tumika, someni hii kabla hamjatuma arubuni. Kuna muuzaji, na sidhani kama yuko peke yake, anauza boti zilizolowa maji huku ngama (pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika) ikionekana imekauka kabisa. Jina simtaji, maana jina anabadilisha anavyotaka, ila mtindo wake haubadiliki. Mimi ni fundi wa faiba. Boti zake zinanifikia baadaye, mwenyewe mpya akilalamika kwamba mashine haisukumi, boti inalala upande mmoja, na kila akipanga wavuvi au abiria sawasawa bado inakaa tezi (nyuma) chini.

Tangazo lake utalitambua. Picha za sitaha inayong'aa, mashine imevuliwa kifuniko, halafu lazima kuwe na picha moja ya ngama: rangi ya kijivu mpya, pampu imepanguswa, hakuna hata tone. Chini yake kaandika "ngama kavu, haivuji, njoo uone kwa macho yako". Ukienda ni kweli, unapitisha kidole na kidole kinatoka kisafi. Wengi wanaridhika hapo hapo na kuanza kujadili bei.

Tatizo ni kwamba ile unayooneshwa ni kishimo cha nyuma tu. Boti nyingi za faiba zina ganda la nje linalokaa majini, na juu yake sakafu unayokanyaga. Katikati ya hivyo viwili kuna mbao ndefu zilizovishwa faiba kutoka omo (mbele) hadi tezi, kuna mataruma, yaani mbavu za boti, yanayokatiza, na vyumba vinavyobaki vimejazwa povu gumu la kuelea. Maji ya mvua na ya mawimbi hupenya kwenye skrubu za viti, kwenye kingo za vifuniko, kwenye mipasuko ya sakafu, yakashuka huko chini. Yanatakiwa yatiririke hadi ngama kupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye mataruma, pampu iyatupe nje. Vitundu vikiziba, maji hayafiki kwenye pampu wala machoni pa mnunuzi.

Na huyu bwana anaviziba kwa makusudi.

Katika boti moja nilikwangua ile rangi ya kijivu pembeni mwa taruma la mwisho. Chini yake kulikuwa na puti nyeupe, imekandamizwa ndani ya kitundu kwa dole gumba, alama za ngozi zinasomeka. Nilipoisukuma kwa bisibisi ikatumbukia ndani, na maji ya rangi ya chai ya rangi yakaanza kutoka, kwanza matone, kisha mchirizi usiokatika. Yananuka uchachu, ule uchachu wa mbao iliyooza ndani ya rezini. Mwenye boti alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema neno. Upande wa pili kitundu kilikuwa na puti ile ile. Hilo si jambo la uchafu kujikusanya wenyewe.

Hesabu ya uzito ndiyo itakayokutisha. Povu jipya la kuelea huwa na takriban kilo 32 kwa mita ya ujazo. Mita ya ujazo ya maji matamu ni kilo 1000, ya bahari yanazidi kidogo, kama 1025. Chukua boti ndogo yenye nusu mita ya ujazo ya povu, halafu nusu tu ya povu hilo imelowa: umebeba kilo 250 za ziada chini ya sakafu, kila safari, mchana na usiku. Mafuta yanaliwa, boti hainyanyuki, na matundu ya sitaha yaliyotengenezwa kutoa maji sasa yanayaingiza.

Lakini gharama ya mafuta ni jambo dogo. Povu lile liliwekwa ili boti ikijaa maji isizame, muwe na kitu cha kushikilia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12217 kinahusu uthabiti na uelevu wa vyombo vidogo, na sehemu yake ya 3 ni ya boti zenye urefu wa chini ya mita 6. Kibati kilichopigwa pale kinachosema boti ibebe watu wangapi kimetokana na hesabu za povu kavu. Likilowa, kibati kinabaki vile vile lakini kinachosemwa si kweli tena. Tena kuna maji yaliyo huru, yasiyoshikwa na povu: boti ikilala kushoto yote yanakimbilia kushoto, na inachelewa kurudi. Ukiwa kwenye mawimbi ya ubavuni, kuchelewa huko ndiko kunapindua watu.

Sasa maigizo yake. Ukikuta boti iko juu ya trela, tazama imekaaje. Huyu huiinamisha omo chini, tezi juu kidogo, anasema ni uwanja hauko sawa. Hivyo maji yote yamekimbilia mbele, mbali na ngama. Mwambie ainue omo, aiweke juu kuliko tezi kabisa, afungue nguzi (tundu la kutolea maji nyuma ya boti), na iachwe hivyo hadi kesho. Kama hataki, umeshapata jibu lako bila kulipa senti. Akikubali, rudi na tochi uangalie chini ya nguzi: ardhi ikiwa na madoa ya kahawia, au faiba kuzunguka tundu ikiwa inatoa jasho, kuna maji ndani. Ila jua kwamba ardhi kavu haimsafishi, maana vitundu vikiwa na puti maji hayafiki kwenye nguzi.

Ikiwa boti iko majini, mchezo ni wa pampu. Pampu imeunganishwa na swichi ya kuelea na chaja haikatiki, kwa hiyo kila maji yakipanda yanatupwa kabla hujafika. Usikubali akuzimie swichi kubwa ya umeme halafu mkaondoka, kwa sababu pampu nyingi za ngama hufungwa moja kwa moja kwenye betri makusudi zisizimike. Chomoa fyuzi yake, piga mstari wa penseli pale maji yalipo, rudi baada ya saa kadhaa. Na akijigamba kwamba kaweka pampu kubwa, muulize imewekwa kwa nini. Zaidi ya hayo, namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu hupimwa bila kupandisha maji juu. Bomba likishapanda na kupinda, inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Pua yako pia ifanye kazi. Ngama ya kawaida hunuka chumvi, mafuta kidogo, ukale. Hii yake hunuka sabuni ya vyombo, kwa sababu sabuni hutawanya utando wa mafuta usionekane. Ukiona pampu inatema mapovu meupe, uliza. Zulia jipya ndani ya boti ya zamani nalo liinue, hata kona moja. Chini yake nimekuta viraka vya duara, kama upana wa kizibo cha chupa, vimepangwa mstari. Hapo sakafu imetobolewa na kupulizwa povu la kopo, lile la mafundi wa madirisha na milango, ili maji yaache kugonga-gonga ndani boti ikitikiswa. Povu la namna hiyo halikutengenezwa kukaa majini, na likivimba linaziba njia chache zilizokuwa zimebaki.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mzani. Pimisha trela na boti kwenye mzani wa magari, toa uzito wa trela, linganisha na uzito wa boti tupu uliotolewa na mtengenezaji, ukiongeza mashine, betri na petroli iliyomo (lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo). Tofauti ndogo hutokana na nanga, kamba na vifaa. Tofauti ya mamia ya kilo haitokani na kamba.

Nyundo ya plastiki inasaidia pia. Gonga ganda na sakafu: penye uzima panalia kwa ukali, palipolowa au kuachana panajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Kile kipima unyevu anachokipeperusha juu ya jelikoti (tabaka la nje linalong'aa la ganda) hadi taa ya kijani iwake, kipuuze. Hicho husoma kina kifupi tu, na kukiwa na uwazi wa hewa kati ya ganda na povu hakijui chochote kilichoko ng'ambo. Kwa upande mwingine, rangi ya chini yenye shaba au boliti iliyo karibu hukifanya kipige kelele mahali pakavu. Ni chombo cha fundi anayejua anachokitafuta, na boti iwe imekaa nchi kavu siku kadhaa.

Mwisho kabisa ni tundu. Kwa ruhusa ya mwenye boti, na mkishajua tangi na nyaya zimepita wapi, toboa sakafu kwa ndani kwenye chumba cha chini zaidi karibu na tezi. Funga utepe kwenye kekee kuonyesha kina ili usije ukatokea chini ya boti. Chokoa povu kidogo, uliminye kwa vidole. Povu zima ni kavu na linavunjika. Lililokufa linatoa maji kama sponji. Tundu hilo linazibwa kwa epoksi na hakuna atakayeliona. Muuzaji mkweli atanung'unika lakini atakubali. Huyu ninayemsema hupandisha sauti, eti unamharibia mali, na ghafla kuna mteja mwingine anakuja jioni na pesa taslimu.

Utapeli wa pili unakuja baada ya kununua, na mara nyingi unatoka kwa mtu wa kundi lile lile. Unampigia muuzaji kulalamika, anakupa namba ya "mtaalamu" mwenye dawa ya kumwaga kwenye ngama, inayokunywa maji yote na kuziba mivujo kwa ndani bila kufungua sakafu. Ndugu, hakuna dawa hiyo. Povu likishalowa, maji yamo ndani ya vijishimo vyake, hayatoki kwa feni wala kwa kutoboa matundu mawili. Linaondolewa kwa kukata sakafu.

Kazi yenyewe si ya siri. Kwanza tafuta yanakotoka maji. Dondosha tone kwenye kioo likauke: likiacha chembe za chumvi, shuku ganda, shafti, vali na mabomba ya chini; lisipoacha kitu, shuku mvua au tangi la maji matamu. Kausha ngama, nyunyiza unga wa chaki au tandika karatasi laini chini ya kila kiungo, kisha mwagia maji kwa mpira sehemu moja baada ya nyingine, ukianzia chini kwenda juu, hadi uone mchirizi unaanzia wapi. Ukianzia juu maji yatashuka kote na hutajua lolote. Baada ya hapo ndipo msumeno, uliowekwa kina cha sakafu tu. Chota povu lote lililolowa, osha chumvi kwa maji matamu, acha pakauke sawasawa, chokonoa zile mbao ndefu kwa bisibisi. Inapozama, mbao imeoza na inatolewa. Vitundu vya mataruma vipanuliwe na kingo zake zipakwe epoksi, maana ubao ulioachwa wazi ndani ya kitundu ndio mlango wa uozo unaofuata. Rudisha povu la kuelea la boti, usiache patupu. Weka na vifuniko vya ukaguzi ili siku nyingine usihitaji msumeno. Kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho, mwaga ndoo ya maji kule omo na usimame kwenye pampu. Yasipofika, kazi haijaisha.

Kwa aliyekwisha kupigwa: usikate kitu kabla hujapiga picha. Picha ya kwanza iwe ya namba ya ganda, ile iliyochongwa tezi upande wa kulia, halafu mzani, halafu kila hatua ya kufungua. Ile puti ikitoka kwenye kitundu, itunze nzima ndani ya mfuko, pamoja na kipande cha povu kilichofungwa kisikauke. Makubaliano yawe ya maandishi kuanzia sasa, hata ya ujumbe wa simu, na maneno "haivuji" yaulizwe tena kwa maandishi ili ajibu kwa maandishi. Tangazo lake hulifuta siku ile ile pesa inapoingia, kwa hiyo ulipige picha kabla hata hujampigia simu ya kwanza.