Siki, unga wa ndimu au ndimu? Cha kununua kutoa ukoko kwenye mashine ya wembe

Kama unanyolea ile mashine ya chuma, ya kufungua kichwa na kuweka wembe, na unaogea maji ya kisima kama sisi huku Makorora, ule ukoko mweupe kwenye meno ya mashine unaujua. Usijilaumu mwenzangu, sio uchafu wako. Tanga hii ni nchi ya mawe ya chokaa, uliza mapango ya Amboni, na maji ya kisima yanakuja na chokaa yake, sasa ikikutana na sabuni ya kipande zinashikana zinakuwa utando mzito, hautoki kwa maji matupu hata usuuze mpaka adhuhuri.

Namba moja kwangu ni SIKI NYEUPE. Ngamiani hukosi duka inayouza. Chukua isiyo na rangi, lebo iandike asidi asilimia 4 au 5, ile ya kahawia inafanya kazi pia ila ya nini kunyoa huku unanuka achari. Toa wembe, fungua mashine vipande vyote, changanya siki na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, loweka dakika 10. Utaona vipovu vinapanda, hiyo ndio chokaa inayeyuka. Piga mswaki, suuza, futa mpaka ikauke.

Dakika 10 nimesema, sio usiku kucha. Mimi niliachiwa mashine na marehemu babu, nikailoweka kwenye siki tupu nikaenda kulala, asubuhi kichwa kimebabuka kina madoa ya kijivu kama ukurutu. Kumbe mashine nyingi, hasa za bei chee, ndani ni aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, kromu ya juu ni ngozi tu nyembamba, asidi ikipata mchubuko mmoja inaingia inakula zinki. Ya stenlesi haina presha hiyo. Ya shaba iliyopakwa kromu au nikeli nayo ni ngumu kidogo, ila usiisahau humo.

Namba mbili UNGA WA NDIMU, yaani asidi ya sitriki, wauza juisi wanaujua. Kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto kiasi, dakika 10 hizohizo. Hauna harufu, na ukiuweka pakavu unakaa muda mrefu sana. Kwa kweli ungekuwa namba moja, tatizo ni mkono wetu, mtu anamwaga vijiko vinne ili "ishike vizuri" halafu analia kromu imetoka.

Tatu ni NDIMU yenyewe. Inatoa, sikatai, ila nyama zake zinaingia kwenye nyuzi za skrubu za mpini na utahangaika kuzichokoa na kijiti. Bora umkamulie samaki.

Sabuni ya maji ya vyombo nunua kwa ajili ya kila wiki, inakata mafuta ya sabuni, chokaa haiigusi. Baking soda ni ya kusugulia taratibu, na wale wanaokwambia uimwagie siki ichemke wanakufurahisha macho tu, hapo asidi na hiyo soda vinauana unabaki na maji ya chumvi. Kama mpini wako ni alumini, usiuloweke kwenye baking soda kabisa.

Vya kuacha dukani: stiliwaya ya sufuria, dawa kali ya choo, na bleach. Bleach inaleta kutu kwenye chuma, tena ukiichanganya na siki inatoa gesi ya klorini, bafu zetu hizi dirisha moja la tundu, utatoka unakohoa mpaka majirani waje.

Mswaki usinunue, wa zamani upo tu bafuni. Ila kama ni wa mkeo, muulize kwanza.